Kabla Hujaagiza kwa Wacuba

Kusini mwa jiji la Louisville, katika jimbo la Kentucky, kuna mitaa ambayo jioni utasikia Kiswahili cha Bukavu na Kihispania cha Camagüey katika foleni moja ya duka. Watu wa Kongo na Burundi, na wenzao wa Cuba, walipokelewa hapa na mashirika yaleyale ya wakimbizi, wengi wakapanga katika majengo yaleyale na kuajiriwa katika ghala zilezile za mizigo karibu na uwanja wa ndege. Watoto wao wanapanda basi moja la shule. Na karibu kila kona kubwa ya mitaa hiyo kuna mgahawa mdogo wa Wacuba, meza nane au kumi, na harufu ya vitunguu saumu inayokufikia ukiwa bado kwenye maegesho ya magari.

Hata hivyo, ninawaona wenzangu wengi wanaozungumza Kiswahili wakiupita mlango huo na kwenda kununua kuku wa kukaanga wa kampuni kubwa. Nikiwauliza, wananipa sababu mbili: menyu ni ya Kihispania, na Wacuba wanapika nguruwe. Sababu zote mbili ni za kweli, na zote mbili zina dawa. Nimekula katika migahawa hii kwa miaka sasa, na ninaandika ili yule anayesita mlangoni aingie, ajue la kuuliza, na ale kwa amani.

Nianze na muhogo. Mimi nimekulia Tanga, na siku ya kwanza nilipoketi kwenye mgahawa wa Kicuba niliagiza kwa kunyooshea kidole neno pekee nililolielewa, yuca. Muhogo ulikuja umechemshwa mpaka ukapasuka katikati, mweupe, laini, umemwagiwa mchuzi mwembamba wenye vipande vya vitunguu saumu na duara za vitunguu maji. Nilipoonja, nilikumbuka mti wa mdanzi uliokuwa nyuma ya jiko la bibi yangu. Mchuzi ule unaitwa mojo, na hutamkwa moho. Vitunguu saumu hupondwa kwa chumvi, mafuta hupashwa moto na kumwagwa juu yake, kisha hutiwa maji ya danzi na, kwa wapishi wengi, uzile kidogo. Danzi lilifika Cuba pamoja na Wahispania, nao walikuwa wamelipata kwa Waarabu. Danzi likikosekana, wapishi wa huku huchanganya maji ya chungwa na ndimu. Ukitaka kujua kama jiko ni zuri, agiza yuca con mojo kwanza. Muhogo ukija na mizizi ya katikati haijatolewa, au mchuzi ukiwa umepoa na mafuta yameganda, kula taratibu ulipe uondoke. Ukija moto na vitunguu saumu bado vinanukia, tulia, agiza chakula kamili.

Ukiingia, sema “Buenas.” Neno hilo moja linatosha asubuhi, mchana na usiku, nalo huelekezwa kwa watu wote waliomo ndani, si kwa mhudumu peke yake. Mcuba anayeingia mahali bila kusalimu huonekana kama yule kwetu anayeingia uani bila hodi. Usishangae mama anayehudumu akikuita “mi amor” au “mi vida”, kwa maana ya mpenzi wangu, maisha yangu. Atamwita hivyo na mzee wa miaka themanini na mtoto anayelia. Ni kama mama muuza uji wetu anavyomwita kila mteja “mwanangu.” Na ukipita karibu na meza ya watu wanaokula, sema “buen provecho”, nao watakuitikia kwa furaha.

Sasa menyu. Usiisome kuanzia juu hadi chini kama mkataba. Chakula cha mchana cha Mcuba wa kawaida kina nguzo nne: wali, maharage, ndizi, na kitoweo kimoja. Ukishaelewa hizo, yaliyobaki ni majina tu.

Wali na maharage huja kwa namna mbili. Arroz blanco con frijoles negros ni wali mweupe na maharage meusi katika bakuli lake, ujimwagie mwenyewe. Moros y cristianos ni wali uliopikwa pamoja na maharage hayo mpaka ukageuka rangi ya hudhurungi. Jina lenyewe lina maana ya Wamoro na Wakristo, kumbukumbu ya karne za Waislamu na Wakristo nchini Hispania hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Mpishi akitoka upande wa mashariki ya Cuba, Santiago kwa mfano, huenda akakupa congrí, ambayo inatumia maharage mekundu. Ushauri wangu kwa mara ya kwanza ni maharage yaliyo pembeni. Yanakuonyesha mkono wa mpishi: kitunguu, pilipili hoho na vitunguu saumu vilivyokaangwa taratibu, ambavyo wao huviita sofrito, kisha jani la bay, oregano, uzile, na mwishoni siki kidogo. Maharage mazuri yana mchuzi mzito unaoshika kijiko. Yakiwa maji meusi na punje zinaelea, yametoka kwenye kopo muda mfupi uliopita.

Ndizi pia ni mbili, na hapa wengi wetu hukosea kwa sababu tunadhani tunazijua. Tostones ni ndizi mbichi, zile kubwa ambazo Mtanzania ataziita mzuzu au mkono wa tembo na Mkongo ataziita makemba. Hukatwa vipande vinene kama kidole gumba, hukaangwa kidogo, hutolewa, hubanwa kwa ubao mpaka zinakuwa bapa, kisha hurudishwa kwenye mafuta hadi ziwe ngumu nje na laini ndani. Zile ni za chumvi, za kuchovya kwenye mojo. Maduros ni ndizi hizohizo zikiwa zimeiva mpaka ganda limekuwa jeusi. Zenyewe ni tamu, na hukaangwa mara moja tu. Tostones hazingoji. Zikifika mezani, acha mazungumzo uzile, kwani baada ya dakika kumi zinakuwa kama gome la mti. Maduros zinaweza kusubiri hadi mwisho wa chakula.

Kwa kitoweo, jina utakaloliona kila mahali ni ropa vieja, yaani nguo kuukuu. Ni nyama ya ng'ombe, kwa kawaida ya ubavuni, iliyochemshwa kwa muda mrefu mpaka ikachambuka nyuzinyuzi kama kitambaa kilichochakaa, kisha ikapikwa tena kwenye mchuzi wa nyanya, pilipili hoho na vitunguu. Ndicho chakula ningemwagizia mgeni wangu yeyote, awe mtu wa Kigoma au wa Lamu. Vaca frita ni nyama ileile ikiwa imekaushwa kwenye kikaango kwa vitunguu saumu na ndimu mpaka ncha zake zinalia chini ya meno. Picadillo ni nyama ya kusaga yenye zeituni na mara nyingi zabibu kavu. Watoto waliozoea pilau ya zabibu huikubali haraka. Arroz con pollo ni wali uliopikwa pamoja na kuku, lakini mara nyingi huchukua muda kuandaliwa, kwa hiyo uliza kabla hujaagiza ukiwa na njaa kali. Kuna pia bamia, quimbombó, na jina hilo lilivuka bahari pamoja na Waafrika wa Angola na Kongo waliopelekwa Cuba utumwani, ambako utumwa ulifutwa mwaka 1886 tu. Na malanga, ndugu wa magimbi, ambayo mama wa Kicuba humpa mtoto anayeanza kula na mgonjwa anayeanza kupona. Ukiwa na mtoto mdogo mezani, mwagizie malanga iliyopondwa.

Sahani ni kubwa. Watu wazima wawili na mtoto mmoja wanatoshwa na sahani mbili za kitoweo na nyongeza moja ya ndizi. Na kama kuna ubao ulioandikwa kwa chaki vyakula vya siku hiyo, agiza kutoka kwenye ubao. Hicho ndicho chakula ambacho mpishi amekipika kwa sufuria kubwa tangu asubuhi, na ndicho wenyeji wanachokula.

Nije kwenye nguruwe. Jambo hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu nimewaona Waislamu wenzangu wakidanganyika bila yeyote kuwadanganya. Wengi wanajua kuepuka lechón, nguruwe wa kuoka, na ule mkate maarufu wa Kicuba unaobanwa kwenye chuma cha moto ukiwa na nyama ya nguruwe, jamoni, jibini, matango ya siki na haradali. Hayo yanaonekana kwa macho. Lililojificha ni manteca. Kwa Mcuba, neno hilo ni mafuta ya nguruwe. Yanaweza kuwa ndani ya maharage meusi. Kwa desturi yamo ndani ya mkate mrefu wa Kicuba, pan cubano, hata ule unaoletwa mezani na siagi tu. Yanaweza kuwa kwenye vikeki vya mapera vinavyopangwa karibu na mashine ya kahawa. Tena ndizi zako huenda zimekaangwa kwenye karai lililotoka kukaanga masitas, vipande vya nguruwe. Jambo la pili lililojificha ni vino seco, divai ya kupikia, ambayo wapishi wengi huitia kwenye ropa vieja, picadillo na wali wa kuku.

Usiseme “sili nyama”, kwa Kihispania au kwa Kiingereza. Kwa Wacuba wengi neno carne kwanza kabisa ni nyama ya ng'ombe, na mhudumu mwenye nia njema kabisa anaweza kukuletea supu yenye jamoni akiamini amekusikia. Taja kitu kwa jina. Sema: “No como cerdo. ¿Los frijoles llevan manteca o jamón?” Yaani, sili nguruwe, je, maharage yana mafuta ya nguruwe au jamoni? Kisha: “¿Lleva vino seco?” Je, kina divai? Na kwa ndizi: “¿Los fríen aparte?” Mnazikaanga kando? Nenda saa ambayo jiko halijalemewa, uliza kwa upole, mtazame mtu machoni. Mara ya kwanza nilipouliza hivyo, mama yule hakubahatisha jibu. Aliingia jikoni, akatoka na mpishi mwenyewe, mikono ikiwa na unga, naye akanihesabia kwa vidole kila alichotia kwenye sufuria. Siku hiyo maharage hayakunifaa. Wali mweupe na samaki vilinifaa.

Samaki ndiye njia nyepesi zaidi kwa asiyetaka nyama isiyochinjwa kihalali, na migahawa mingi ya Kicuba hainunui nyama ya halali. Uliza pargo frito, samaki mzima anayefanana na changu, amekatwa mistari ubavuni na kukaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama kaukau, na uliza pia kuhusu mafuta ya karai. Au enchilado de camarones, kamba katika mchuzi wa nyanya. Huo nao unaweza kutiwa divai, kwa hiyo swali la vino seco lirudie hapo. Kama mgahawa hauwezi kukuhakikishia, shukuru, unywe kahawa, urudi siku nyingine na wenzio wasio na zuio hilo. Hakuna Mcuba atakayekasirika.

Pilipili haimo. Wengi hudhani kila kinachotoka upande ule wa dunia kinachoma kama chakula cha Meksiko, lakini mpishi wa Kicuba anategemea vitunguu saumu, danzi na uzile. Onja kwanza. Ukiona lazima, omba “picante”, watakuletea chupa.

Tahadhari moja ya lugha: usiombe papai kwa jina la papaya. Huko Havana na magharibi ya kisiwa neno hilo limekuwa tusi, jina la sehemu ya siri ya mwanamke. Wao husema fruta bomba. Maji ya miwa yanaitwa guarapo, na ukiyakuta yanakamuliwa hapohapo, usiyaache.

Halafu kahawa. Mtu wa pwani aliyezoea kahawa chungu na kashata kwenye kijiwe atadhani anajua anachosubiri. Simama karibu na mashine utazame. Matone ya kwanza ya kahawa, yale mazito kama asali, hayamwagwi kikombeni. Hutiwa kwenye chombo chenye sukari na kupigwa kwa kijiko, haraka, bila kupumzika, mpaka sukari inageuka povu la rangi ya mchanga. Kahawa iliyobaki humiminwa juu ya povu hilo, nalo hupanda lenyewe hadi juu. Kikombe kimoja kidogo ni cafecito. Ukisema colada, utapewa kikombe kikubwa zaidi na vikombe vidogo vya plastiki, kama vile vya kupimia dawa ya kikohozi, kwa sababu colada ni ya kugawana. Usiinywe peke yako. Wawekee wenzio mezani, hata jirani wa meza ya pili akikutazama mkaribishe. Nimejuana na watu wengi wa mtaa huu kwa vikombe vile kuliko kwa miaka minne ya kufanya kazi nao zamu ya usiku. Mwenye kisukari aagize “sin azúcar” na akubali kukosa povu, kwani povu lenyewe ni sukari. Asiyezoea kahawa kali asiinywe baada ya magharibi.

Jambo jingine la kuingia nalo kwa uangalifu ni siasa. Vijana wetu wamezoea kuvaa fulana yenye picha ya Che Guevara; kwetu picha hiyo imebandikwa hata kwenye daladala na matatu. Na watu wa Maziwa Makuu wana sababu yao ya kumkumbuka. Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akaingia Kongo, na majina ya vita aliyowapa watu wake aliyachukua kwenye hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Novemba ya mwaka huohuo aliondoka akiwa ameshindwa. Kwetu hiyo ni historia. Kwa mtu anayekuhudumia huenda ni baba aliyefungwa, au kibanda cha babu cha kuuza chakula kilichochukuliwa Machi 1968, serikali ilipotaifisha hata biashara ndogo kabisa. Katika miaka ya 1990, watu binafsi waliporuhusiwa tena kuuza chakula nyumbani kwao, mgahawa uliwekewa kikomo cha viti 12. Anayekuletea sahani katika ukumbi wa viti arobaini, ulio mali yake, ana hadithi ndefu, na si lazima ifanane na ya jirani yake wa meza ya pili. Iache fulana ile nyumbani. Ukitaka kujua, uliza anatoka mji gani na mama yake alipika nini siku za Jumapili. Mengine atayasimulia mwenyewe akitaka.

Nilipouliza swali hilo kwa mara ya kwanza, nilijibiwa kwamba Jumapili nyingi hapakuwa na nyama. Nikaelewa jambo ambalo menyu haisemi. Ropa vieja tunayoiita chakula cha taifa la Cuba ilikuwa nadra nyumbani kwao. Ng'ombe walikuwa chini ya mkono wa serikali, na kwa miaka mingi kumchinja bila kibali lilikuwa kosa la jinai, hata kama ng'ombe ni wako. Chakula cha kila siku kiligawiwa kwa kitabu cha mgao kilichoanza mwaka 1962. Watu waliotoka kambi za Nyarugusu na Kakuma hawahitaji kuelezwa maana ya mgao. Kwa hiyo usiache nusu ya sahani na kuondoka. Sema “para llevar”, watakufungia.

Bili ikija, isome. Hapa Marekani bakshishi ni sehemu ya mshahara wa mhudumu, si hisani. Sheria ya Kentucky inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa mkononi, na bakshishi ndiyo inayotegemewa kujaza hadi kima cha chini cha dola 7.25. Toa asilimia 15 hadi 20, na kama unaweza, toa taslimu mkononi mwake. Ukiwa Miami angalia kwanza, kwani migahawa mingi ya huko huongeza malipo ya huduma ndani ya bili yenyewe. Kama mmekuja watu kumi baada ya ibada, pigeni simu mapema. Na tarehe 24 Desemba usiende bila miadi, kwa sababu usiku huo jiko zima linahudumia oda za nguruwe wa Krismasi.

Kile kibakuli cha maharage ulichofungiwa, kiweke kwenye friji usiku kucha. Kesho yake yapashe kwa moto mdogo na vijiko viwili vya maji, bila kuyakoroga sana. Maharage meusi ya Kicuba siku ya pili ni matamu kuliko siku ya kwanza.